Springi ya bastola isisahauliwe risasi zinapobadilishwa

Mhariri,

Kampuni za ulinzi na raia wenye leseni hapa Uganda huuliza bei ya risasi; springi inayorudisha slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila mlio) hawaiulizi. Bastola ikianza kukwama, lawama huiangukia bastola.

Kwa vipimo vya Marekani, risasi ya kawaida ya bastola ya 9x19 (milimita 9) haitakiwi kupita shinikizo la psi 35,000 (pauni kwa inchi ya mraba). Ile kali zaidi, yenye alama ya +P kwenye kitako cha ganda, huruhusiwa hadi 38,500. Nyongeza hiyo huongeza kasi ya slaidi, na springi iliyolegea haiizuii: chuma hugonga fremu, yaani mwili wa bastola wenye mshiko, kila mlio. Fremu ya aluminiamu hupata nyufa mapema kuliko ya chuma. Kwenye Beretta 92, kipande kinachofunga mtutu ndicho huvunjika mara nyingi. Uzito wa kichwa cha risasi pekee usiwatishe. Risasi ya kawaida yenye kichwa cha greni 147 (greni ni kipimo cha uzito) haina shinikizo kubwa kuliko ya greni 124 yenye +P.

Risasi dhaifu za mazoezi nazo zina lao. Slaidi haifiki nyuma kabisa, ganda linabanwa mlangoni likiwa limesimama. Wapo wanaotibu hilo kwa kukata springi, kisha wanarudi lindoni na risasi kali. Huko ni kuiua bastola kwa makusudi.

Watengenezaji wengi hutaka springi ibadilishwe kati ya risasi 3,000 na 5,000. Anayetumia +P asingoje kiwango hicho. Ilaze kando ya mpya: ikiwa fupi waziwazi, itupe. Bei yake si kitu mbele ya fremu.

Risasi za zamani za bastola za Kirusi, Makarov na Tokarev, ni shauri jingine. Fataki zake nyingi, yaani viwashio vya baruti kwenye kitako cha ganda, huacha chumvi mtutuni, na kwa unyevu wa Entebbe au Jinja kutu haichelewi. Mafuta hayaondoi chumvi. Osha kwa maji ya moto siku hiyohiyo, kausha, ndipo upake mafuta.

Jambo ambalo wasimamizi wa zamu hawaliangalii: mlinzi hutoa risasi chemba jioni, asubuhi hurudisha ileile. Kila inapoingizwa, kichwa husukumwa ndani ya ganda, nafasi ya baruti hupungua na shinikizo hupanda sana. Ipimeni urefu na mpya ya aina hiyohiyo. Iliyofupika isifyatuliwe, irudishwe ghala la silaha ikaharibiwe.

Mafundi silaha,
Kampala