Kwa Hamisi, kuhusu lile tangazo la Nike

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam aleikum. Ujumbe wako nimeupata, na nimefurahi kusikia shemeji amepona. Sisi huku Ilala hatujambo, biashara inakwenda, mvua tu ndiyo inayotusumbua pale Karume.

Umesema mwalimu wa Salim amewataka waandike kama Nike walionyesha ujasiri mwaka 2018 walipomtumia kwenye tangazo lao Colin Kaepernick, yule mchezaji wa mpira wa Kimarekani aliyepiga goti wakati wa wimbo wa taifa kupinga polisi kuwaua watu weusi, ukaniuliza mimi kwa kuwa viatu ndiyo kazi yangu. Naona ujasiri ulikuwa wa Kaepernick, na gharama yake alikuwa ameshaanza kuilipa zamani, kabla hata picha hiyo haijapigwa.

Ile wiki naikumbuka. Tarehe 3 Septemba ilitoka picha ya uso wake, nyeusi na nyeupe, na maneno ya kumwambia mtu aamini jambo hata kama litamgharimu kila kitu. Kesho yake simu za pale sokoni zilijaa video: huyu kazitia moto raba zake uani, yule kachukua mkasi anakata tiki ya Nike kwenye soksi. Unajua kazi yangu ilivyo. Nikishafungua belo, naokota raba moja moja, napima soli imelika kiasi gani, nasugua kwa mswaki na sabuni ya unga, natia kamba mpya. Kuona jozi nzima inaungua kuliniuma. Na hata kwa hesabu ya kibiashara halikuwa na maana, maana kiatu ulichokwisha kukilipia ukikichoma, hasara ni yako. Kampuni ilishachukua hela yake.

Hisa za Nike zilishuka kama asilimia 3 siku iliyofuata, lakini katikati ya mwezi uleule zikafika bei ambayo hazikuwahi kufika. Meya wa mji wa Kenner, Louisiana, alipiga marufuku ununuzi wa vifaa vya Nike kwa viwanja vya mji wake, na hazikupita siku nyingi akaifuta amri yake mwenyewe. Tarehe 16 Septemba Eliud Kipchoge akavunja rekodi ya dunia ya marathoni kule Berlin, saa 2, dakika 1 na sekunde 39, Nike miguuni. Hapa Karume habari ya Kaepernick ikaishia hapo, kila kijana akawa anauliza raba ya Kipchoge.

Kuna jambo moja ningependa Salim aliangalie kwa makini. Nike hiyohiyo ndiyo inayotengeneza jezi za timu zote za NFL, ligi ya huo mpira wa Kimarekani, na mwaka uleule wa 2018 iliongeza mkataba wake na ligi hadi 2028. Timu hizo hakuna hata moja iliyompa Kaepernick kazi tangu alipoachana na timu yake ya 49ers Machi 2017, mtu aliyewafikisha Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, mwaka 2013! Kampuni ilimsifu yeye na ikaendelea kuwavisha waliomfungia mlango, ikapata kwa wote wawili. Sisemi tangazo lilikuwa baya. Walikuwa naye tangu 2011, wangeweza kumtema kimyakimya, na hawakumtema. Hilo lazima lisemwe. Lakini aliyekosa mshahara kwa ajili ya msimamo wake ni yeye, na ile dola milioni 1 aliyoahidi kuzigawia taasisi za kijamii alikuwa amemaliza kuitoa Januari 2018, miezi minane kabla ya tangazo.

Linaloniuma zaidi ni kwamba watu waligombana juu ya kiatu wakaisahau sababu. Na sababu yenyewe, Hamisi, iko hapo hapo Minnesota mnapoishi. Julai 2016 polisi alimuua Alton Sterling kule Baton Rouge na, siku moja baadaye, polisi mwingine akamuua Philando Castile hapo Falcon Heights, jirani kabisa na St. Paul. Castile alikuwa msimamizi wa jikoni shuleni, anawahudumia chakula watoto kama Salim. Alipigwa risasi ndani ya gari lake, mchumba wake akiwa pembeni na mtoto mdogo nyuma. Mwezi uliofuata ndipo Kaepernick akaanza kukaa wakati wa wimbo wa taifa. Baadaye Nate Boyer, aliyekuwa mwanajeshi, akamshauri apige goti badala ya kukaa, kwa sababu askari hupiga goti mbele ya kaburi la mwenzao. Akapiga goti San Diego tarehe 1 Septemba, mchezaji mwenzake Eric Reid pembeni yake. Ndiyo maana siwezi kuwaelewa waliosema anawatukana wanajeshi. Mwaka uliofuata Trump akasimama jukwaani Alabama akataka wenye timu wawafukuze wachezaji wa namna hiyo. Na polisi aliyemuua Castile alikuwa ameshaachiwa huru na mahakama, Juni 2017.

Kwa hiyo mwambie Salim aanze na Castile, kisha Kaepernick, na Nike aiweke mwisho kabisa. Kama kuna mtu mzima pale shuleni kwake anayemfahamu Castile, amuulize alikuwa mtu wa namna gani, aandike hilo pia. Akimaliza nipigie picha kurasa zake unitumie, nataka kuzisoma zote.

Msalimie shemeji na watoto.

Ndugu yako,
Seif