Mwanangu, vita vilipita shuleni kwako

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaykum. Uliniambia kwenye simu kwamba Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vya watu wa mbali, wewe vinakuhusu nini. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Wajapani waliposhambulia Colombo, kule Sri Lanka, Aprili 1942, Waingereza waliona manowari zao haziko salama tena kule. Admirali James Somerville akaleta meli zake Kilindini, bandari yetu ya Mombasa, na pamoja nazo wakaja mafundi wa kunasa redio za adui na kufumbua maandishi ya siri. Unajua walipewa wapi pa kufanyia kazi? Hapo hapo Allidina Visram unapokaa darasani! Septemba mwaka huo wakaufumbua msimbo wa JN-40, uliotumiwa na meli za biashara za Japani, wakawa wanajua meli ya mafuta imetoka wapi na inakwenda wapi.

Kisha Madagaska. Kisiwa kilikuwa mikononi mwa Wafaransa wa Vichy, yaani serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, na Waingereza walihofu nyambizi za Japani zingepata kituo pale zikafunga njia ya meli za kwenda Misri na India. Mei mwaka huo huo wa 1942 waliteka Diego Suarez, bandari ya kaskazini ya kisiwa, wakitokea Durban. Lakini kisiwa ni kikubwa mno, ikabidi waende tena, na safari hii maandalizi yakawa kwetu Mombasa. Tarehe 10 Septemba wanajeshi wakashuka Majunga, pwani ya magharibi ya kisiwa. Tarehe 23 waliingia mji mkuu, Antananarivo, na mbele walikuwemo askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Tanganyika na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi.

Somerville anaandikwa vitabuni. Makuli wa gatini waliopakia meli hizo siwaoni, nami naumia, maana bila mikono yao hakuna meli ambayo ingeng'oa nanga.

Wengine hawakurudi. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Colombo, imejaa wanajeshi, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 nyambizi ya Japani iliipiga karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300. Walipandia meli hapa, mwanangu, pale tunapovuka feri kwenda Likoni kwa shangazi yako.

Mwulize mwalimu wako wa historia kama shule ina kumbukumbu zozote za miaka ile, picha au daftari. Zikiwepo, ziandike, nami nitakuja kuzisoma siku ya wazazi.

Mamako