Watoto wa Tanga nao wapate sinema likizo ya Juni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee watoto wa Tanga, ambao shule zikifungwa mwezi wa sita hawana pa kwenda zaidi ya ufukweni na uwanja wa mpira.

Likizo iliyopita nililetewa wajukuu wawili kutoka Dar es Salaam. Siku ya pili tu mdogo akaniuliza, "Bibi, sinema ya huku iko wapi?" Kwao wamezoea kupelekwa Mlimani City. Nikawachukua, pamoja na watoto wa jirani, hadi kwenye kibanda umiza cha mtaani, kiingilio shilingi 500. Hatukumaliza dakika kumi. Ndani ni giza, joto na moshi wa sigara, na picha iliyokuwa ikiendelea ilikuwa ya watu kuchinjana. Niliwashika mikono tukatoka. Mwenye kibanda simlaumu, wateja wake ni vijana na anatafuta riziki. Ila pale si mahali pa mtoto wa miaka saba.

Mimi nimekulia Ngamiani. Baba alikuwa kuli bandarini, lakini siku ya Idi alitupeleka jumba la sinema la Majestic, watoto wote sita na mama. Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, kwa hiyo picha ya kutembea ukiitaka ulikwenda sinema, na ulikwenda na watu wako. Tulipanga foleni na nguo zetu mpya, karanga mkononi. Picha zenyewe za Kihindi, lugha hatuijui, lakini mama akilia nasi tunalia. Hadithi ile tungeisimulia barazani hadi Idi nyingine. Baada ya video na televisheni kuingia majumbani, majumba ya sinema yakafa moja baada ya jingine, na raha ile ya kutoka na familia ikaenda nayo.

Sasa familia ya watu watano ikitaka sinema ya kweli ni kupanda basi hadi Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Mzazi gani wa kawaida ana nauli hiyo, bado tiketi, bado chakula?

Ombi langu kwa Halmashauri ya Jiji ni dogo. Likizo kumbi za shule zetu hukaa tupu, zimefungwa kufuli. Ufunguliwe hata mmoja kila Jumamosi, saa 4 asubuhi hadi saa 6, watoto warudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Projekta ikodiwe, shuka jeupe litundikwe, madirisha yazibwe kwa khanga. Katuni za Kiswahili siku hizi zinatengenezwa hapa hapa nchini, nzuri na zenye mafunzo. Wenyewe waombwe ruhusa na walipwe haki yao. Bodi ya Filamu ipo kwa ajili ya kutuambia picha ipi inafaa umri upi, basi ichaguliwe iliyopitishwa kwa watoto. Kiingilio kiwe shilingi 1,000 kwa mtoto, na mzazi anayemleta aingie bure, maana tukimtoza na yeye atamsukuma mtoto ndani na kuondoka, na mimi ninachotaka ni wakae pamoja.

Akina mama wa mtaani kwetu nimekwisha zungumza nao. Bisi na ubuyu tutauza sisi, na ukumbi tutaufagia wenyewe kabla na baada.

Bibi wa wajukuu watano,
Ngamiani, Tanga