Magari ya kale ya Marekani: fungueni boneti kwanza

Mhariri,

Kila makala inayosifu magari ya kale ya Marekani huishia kwenye mapezi ya nyuma, yaani mabawa madogo ya mkiani, ya Cadillac ya 1959 na kromu inayomulika macho. Mapezi yale yanapendeza, sibishi. Harley Earl na wachoraji wake wa General Motors waliyaanzisha kwenye Cadillac ya 1948, baada ya kuvutiwa na mkia wa ndege ya kivita ya P-38. Lakini kromu haisukumi gari. Magari haya yameishi muda mrefu kwa sababu yanafunguka kwa spana za kawaida, na kipuri cha mwaka huu huingia kwenye gari la miaka kumi nyuma.

Mfano mzuri kuliko yote ni V8 ndogo ya Chevrolet, injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Ilitoka 1955 ikiwa na lita 4.3. Nafasi kutoka katikati ya silinda moja hadi ya jirani yake, inchi 4.4, ilibaki ileile hata injini ilipokuzwa kufikia lita 6.6 mwaka 1970. Mpangilio wa silinda kuwaka kwa zamu nao haukubadilika: 1-8-4-3-6-5-7-2. Kwa hiyo vijana wasio na fedha nyingi waliweza kutoa injini kwenye gari lililogongwa na kuifunga kwenye lao. Waliofanya hivyo kabla yao walitegemea V8 ya Ford ya 1932.

Kuingiliana huko kwa vipuri kuna mipaka, na hapo ndipo wengi hupoteza fedha. Injini ya kwanza ya 1955 haina sehemu ya filta ya oili kwenye bloku. Tangu 1986 sili ya nyuma ya kranki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ni kipande kimoja, hivyo flaiwili ya zamani, gurudumu zito linalofungwa nyuma ya kranki, haishiki. Silinda hedi za chuma za kuanzia 1987 zina bolti za katikati za manifoldi ya kuingizia hewa zilizobadilishwa pembe. Ukilazimisha manifoldi ya zamani, haitakaa sawasawa na itavuta hewa.

Kurekebisha platini, swichi ndogo ya kuwashia cheche, kwenye distributa ya Delco ya V8 (kifaa kinachogawa moto kwa plagi) yenye kidirisha, iliyoanza 1957, ni raha tupu. Inua kidirisha injini ikiwa inanguruma, ingiza ufunguo wa pembe sita, zungusha kama mshale wa saa hadi injini ianze kukosa moto, kisha rudisha nusu mzunguko. Gari gani la leo linakuruhusu hivyo?

Kinachoua injini hizi siku hizi ni oili. Kamshafti zake, mihimili yenye vinundu vya kufungulia valvu, husugua tapeti bapa (vipande vinavyosukumwa na vinundu hivyo) moja kwa moja, na oili nyingi za sasa zimepunguzwa zinki ili kulinda vichujio vya moshi. Vinundu vya kamshafti mpya vinaweza kulika kabisa katika nusu saa ya kwanza. Vipakwe mafuta mazito maalumu ya kamshafti, itiwe oili yenye zinki ya kutosha, na injini ikishawaka ishikiliwe kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20. Isiachwe ikinguruma polepole bila kukanyagwa mafuta, maana kamshafti hulainishwa kwa oili inayorushwa na kranki, na kranki ikizunguka polepole hairushi ya kutosha.

Na urithi wa kitamaduni? Upo Los Angeles ya Mashariki, kwa Wamarekani wenye asili ya Meksiko walioshusha Chevrolet Impala zao zikakaribia lami. Sheria ya California ya 1958 ilikataza gari kushuka chini ya rimu zake; jibu likawa pampu za haidroliki, zinazoinua gari polisi wakitokea. Katazo hilo liliondolewa 2024. Hata huko Havana, Kuba, gari la miaka ya 1950 mara nyingi linaendeshwa na injini ya dizeli ya nchi nyingine kabisa. Wapenda uhalisi hukunja uso; mimi naona hayo ndiyo matumizi yake halali.

Jambo moja halina mjadala, nalo ni breki. Magari mengi ya kabla ya 1967 yana masta silinda (pampu kuu ya breki) ya njia moja: paipu moja ikipasuka, magurudumu yote manne yanabaki bila breki. Fungeni ya njia mbili. Mkiweka breki za diski mbele, toeni valvu ya kubakiza presha, iliyowekwa kwa ajili ya breki za dramu, kwenye njia hiyo, la sivyo pedi zitabana diski muda wote na kupata moto hadi mafuta ya breki yachemke.

Msomaji wenu