Vigogo hawahatarishi kazi zao, sisi ndio tunaowalindia siri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nichangie mjadala ambao kwa majuma kadhaa sasa umekuwa ukiendelea hapa Iringa, kuanzia vijiwe vya Ipogolo hadi saluni za Kihesa, kuhusu viongozi wanaokumbwa na kashfa za ngono. Swali linaloulizwa ni lilelile kila mara: mtu mzima, msomi, mwenye gari la serikali, familia na heshima zake, anapata wapi ujasiri wa kuviweka vyote hivyo rehani kwa starehe ya saa moja? Wapo wanaosema ni shetani, wapo wanaosema amerogwa na mahasimu wake wa kisiasa, na wengi zaidi, wakiwamo wanawake wenzangu, humgeukia binti aliyetajwa na kusema kwamba yeye ndiye aliyemponza.

Nimekuwa katibu muhtasi katika ofisi za umma kwa miaka 32, tangu mwaka 1981 hadi nilipostaafu mwaka 2013, na katika muda huo nimewatumikia mabosi saba, watano kati yao wakiwa watu ambao hata leo nikikutana nao nitawaamkia kwa moyo mkunjufu. Kwa uzoefu huo nathubutu kusema kwamba swali lenyewe limekosewa. Kigogo haoni kama anahatarisha kitu. Shajara yake anaitunza katibu muhtasi, safari zake anazijua dereva, masurufu yake, yaani fedha za safari za kikazi, yanapitishwa na mhasibu, na saa aliyoingia na kutoka inaandikwa na mlinzi wa geti, nao wote hao wanne mkate wao uko chini ya kalamu yake. Katika mafunzo ya uhazili tulifundishwa kwamba sifa ya kwanza ya kazi yetu ni kutunza siri, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyetueleza siri ya ofisi inaishia wapi na siri ya bosi inaanzia wapi.

Nitaeleza jambo moja ambalo nimekaa nalo kwa zaidi ya miaka ishirini na tano. Ilikuwa Agosti mwaka 1998, majira ambayo baridi ya Iringa humfanya mtu achape barua akiwa amevaa sweta mbili. Nchi ilikuwa bado kwenye majonzi ya mabomu ya tarehe 7 kwenye balozi za Marekani, yaliyoua watu zaidi ya 200 Nairobi na wengine 11 Dar es Salaam, na redio ya bosi ilikuwa haizimwi kutwa nzima. Jumanne ya tarehe 18 asubuhi ikatangazwa kwamba Rais Bill Clinton wa Marekani, ambaye tangu Januari alikuwa amekana mbele ya kamera kuwa na uhusiano na Monica Lewinsky, amekiri usiku uliopita kwamba uhusiano huo ulikuwapo na haukuwa sahihi. Bosi wangu alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, “Mama, hebu mwone mtu mzima huyu, urais mzima anauchezea kwa ajili ya binti wa ofisini! Hana akili kabisa.” Maneno hayo aliyasema huku akitia saini kibali cha safari nilichokuwa nimempelekea, safari ya kikazi ya Mbeya, kuondoka Ijumaa na kurejea Jumapili.

Nje ya mlango wake, kwenye benchi la wageni, alikuwa ameketi msichana aliyetoka upande wa Njombe kufuatilia nafasi ya ukarani, na ilikuwa mara yake ya tatu kuja. Vyeti vyake vilikuwa kwenye bahasha ya kaki aliyoiviringisha ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe, na kila mtu alipopita alisimama nusu na kusema shikamoo. Bosi aliniambia nimfahamishe kwamba usaili wake utafanyika Ijumaa jioni, Mafinga, akanitajia na gesti. Nikatoka, nikamwambia. Aliniangalia kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mama, usaili wa gesti nao upo?” Nikamjibu, “Mimi ni mtoa ujumbe tu, mwanangu.”

Jumatatu iliyofuata dereva alikuja mezani kwangu na kitabu cha safari za gari, akauliza aandike nini. Kutoka Iringa hadi Mafinga ni kilomita 80 hivi, na Mbeya ni zaidi ya 300, kwa hiyo gari lililokwenda Mbeya na kurudi haliwezi kuwa limetembea kilomita 170. Nilimwambia aandike Mbeya. Aliandika, akaongeza kwamba mita ya gari ni mbovu na kilomita zimekadiriwa. (Lita za mafuta zilizozidi zilikwenda wapi, hilo ni la dereva na Mungu wake.) Mhasibu akapokea marejesho ya masurufu na kuyaweka kwenye faili, posho ya kujikimu ya siku tatu ikahesabiwa kuwa imetumika kihalali, na masjala wakalifungia faili kabatini. Jina la msichana yule halikuonekana kwenye orodha ya walioajiriwa, na benchini hakurudi tena.

Sasa naomba msomaji aniambie, katika mlolongo huo wote bosi alihatarisha nini? Kwake yeye kamari ilikuwa ya Clinton. Wahenga walisema za mwizi ni arobaini, lakini hesabu hiyo ni ya mwizi wa kuku ambaye kila mtu anatamani kumkamata. Mwizi anayehesabiwa na watu anaowalipa mshahara anaweza kufika themanini na bado akaambiwa ni ya kwanza. Bosi wangu alistaafu salama, akaagwa kwa mbuzi wawili na seti ya makochi, na hotuba ya kumuaga niliichapa mimi. Neno “mwadilifu” lilikuwamo mara tatu.

Ndiyo maana nikisoma habari za vigogo wa ng’ambo walioanguka, huwa siangalii sana walichofanya bali naangalia ni tofali gani lilichomoka ukutani. Gary Hart, mwaka 1987, alikuwa mbele ya wenzake katika kuwania tiketi ya urais ya chama cha Democratic, na uvumi wa wanawake juu yake ulikuwa wa miaka mingi usiomdhuru, mpaka akawaambia waandishi wamfuate wakitaka, watachoka bure. Tofali lililochomoka hapo lilikuwa la waandishi wenyewe, ambao enzi za John Kennedy waliyajua mengi wakayanyamazia. Waandishi wa gazeti moja la Miami waliivizia nyumba yake ya Washington, na ndani ya wiki moja baada ya habari kutoka alikuwa amejiondoa kwenye kinyang’anyiro. Alikuwa akiishi kwa kanuni za zamani, na hakuna aliyemwarifu kwamba zimebadilika.

Kwa Eliot Spitzer, gavana wa New York, lililochomoka lilikuwa la fedha. Mtu huyo alipokuwa mwanasheria mkuu wa jimbo aliwahi kuwafikisha mahakamani waendeshaji wa biashara ya ukahaba, na pia alijijengea jina kwa kuwabana wenye mabenki; lakini benki ndiyo iliyotilia shaka namna alivyokuwa akihamisha fedha zake, wachunguzi wakafuata nyayo za malipo hayo hadi kwenye mtandao wa makahaba, naye akajiuzulu Machi 2008. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka kilomita 170. Binadamu unaweza kumwomba anyamaze, tarakimu hazina adabu hiyo, ila awepo tu mtu wa kuzisoma.

Hapo ndipo lilipo somo ambalo wengi wetu tunalipita. John Profumo, Waziri wa Vita wa Uingereza, hakuondolewa na mapenzi yake na Christine Keeler ya mwaka 1961, ingawa binti huyo wa miaka 19 alikuwa pia na ukaribu na ofisa wa ubalozi wa Kisovieti, jambo lililowatia watu hofu katika miaka ile ya vita baridi. Aliondolewa na kauli aliyoitoa bungeni Machi 1963 kwamba hakukuwa na lolote lisilofaa kati yao, kauli ambayo Juni mwaka huohuo alilazimika kukiri kuwa ni ya uongo. Clinton naye alishtakiwa na Baraza la Wawakilishi Desemba 1998 kwa kuapa uongo na kuzuia haki isitendeke, na Seneti ikamwachia Februari 1999. Kila mahali ngono huzaa uongo, na uongo huhitaji mtu wa kuuchapa, mtu wa kuupigia muhuri na mtu wa kuuendesha hadi Mafinga.

Na gharama, Ndugu Mhariri, nani hulipa? Clinton alimaliza muhula wake na kuondoka madarakani Januari 2001 kwa saa ileile iliyopangwa, wakati Lewinsky, aliyekuwa na miaka 22 uhusiano huo ulipoanza, aligeuzwa kichekesho cha dunia nzima. Profumo alikwenda kufanya kazi za hisani mashariki mwa London na mwaka 1975 akatunukiwa nishani. Keeler alifungwa miezi tisa mwishoni mwa mwaka 1963 kwa kutoa ushahidi wa uongo katika kesi nyingine. Sisemi kwamba mabinti hao hawakuwa na hiari yoyote, maana wao wenyewe hawakudai hivyo wakati ule. Ninachosema ni kwamba hesabu ya hatari aliyonayo mkubwa huonekana ndogo kwa sababu sehemu kubwa ya deni hupelekwa kwa mtu mwingine.

Watu wa rika langu hupenda kusema kwamba enzi za Azimio mambo haya hayakuwapo. Nimelisoma tena Azimio la Arusha kabla ya kuandika barua hii. Masharti ya uongozi ya mwaka 1967 yalimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi na kuwa na nyumba ya kupangisha. Nyumba za kupangisha zilihesabiwa. Nyumba ndogo hazikuhesabiwa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 nayo imemtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake, na nakiri kwamba sioni namna ambavyo tamko la wapenzi lingejazwa kwenye fomu. Wala sitaki. Watu wazima wawili wanaopendana kwa hiari yao, hata kama wamevunja ndoa, ni suala la wenza wao, wazee wao na viongozi wao wa dini, na gazeti linalowachungulia dirishani linajishushia hadhi.

Lakini aliyeketi kwenye benchi langu na bahasha ya kaki hakuwa mpenzi wa mtu. Kwa hilo, sheria ipo. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo, haki au upendeleo wowote, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka mitatu au vyote viwili. Jina lake ni rushwa ya ngono. Vijiweni tunayachanganya mambo hayo mawili na kuyaita yote “kashfa”, au mbaya zaidi “mchepuko”, na kwa kufanya hivyo tunampa mla rushwa nafasi ya kujificha nyuma ya mzinzi wa kawaida, ambaye jamii yetu, tuwe wakweli, humsamehe upesi akiwa mwanamume.

Mwaka 2024 tuliona ya Equatorial Guinea, ambako Baltasar Ebang Engonga, mkuu wa idara ya kuchunguza uhalifu wa fedha, alikuwa tayari anashikiliwa kwa tuhuma za ubadhirifu wakati video zake na wanawake mbalimbali, baadhi zikiwa zimerekodiwa ofisini, ziliposambaa mitandaoni. Serikali ya huko ikatangaza kwamba kamera zitafungwa maofisini. Nilicheka peke yangu, kwa sababu mtu wa kwanza kukabidhiwa ufunguo wa chumba cha kamera atakuwa ama bosi mwenyewe ama katibu muhtasi wake.

Ombi langu kwa gazeti lako ni dogo. Kashfa nyingine ikitokea, na itatokea, acheni kumsaka binti na kuchapisha picha yake ya harusi ya shangazi iliyookotwa kwenye simu za watu. Ombeni kitabu cha safari za gari. Ombeni marejesho ya masurufu, mlinganishe tarehe na kilomita, kisha mtafuteni dereva na katibu muhtasi, mkiwaeleza kwanza kwamba tangu mwaka 2015 nchi hii ina sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, maana wengi wao hawajawahi kuisikia. Mimi mwaka 1998 sikuwa na sheria hiyo, na nilikuwa na watoto watatu shuleni. Natambua kwamba hilo halimrudishii msichana yule nauli yake ya mara tatu kutoka Njombe.

Kitabu tulichoandika “Mbeya” kilikuwa na jalada gumu la buluu. Nilipostaafu kilikuwa bado masjala, kabati la pili kutoka dirishani, rafu ya chini.

Wako,
Katibu muhtasi mstaafu (jina limehifadhiwa),
Kihesa, Iringa.