Jua linawaka, kwa nini mmetunyima mitumbwi?

Swali hilo sisi tunaokodisha mitumbwi kwenye mto Upper Iowa, hapa Decorah, jimbo la Iowa, Marekani, tumeulizwa tena Jumamosi iliyopita, na baba mmoja aliyetoka Cedar Rapids na familia nzima, pilau na kuku wakiwa kwenye buti. Tulimpigia Ijumaa jioni mara tatu kumwambia tumefunga mto, hakupokea. Alipofika Decorah akatazama anga, hakuna wingu. Akatazama mitumbwi yetu imepangwa, mikavu. Akasema mbele ya watoto wake kwamba tumeiweka kwa ajili ya mtu aliyelipa zaidi, na jioni akayaandika hayo hayo kwenye kundi la WhatsApp ambalo wateja wetu wengi wamo. Basi tumjibu hapa, wote msome.

Hakuna aliyepewa. Siku ile haukutoka mtumbwi hata mmoja, na sisi mitumbwi isipotoka hatuingizi kitu.

Upper Iowa hauanzii Decorah, ndugu zangu. Unaanzia kaunti ya Mower kule Minnesota, na mpaka uingie Mississippi umeshatembea kama maili 156. Mvua ikipiga huko juu usiku, sisi huku tunaletewa maji yake baadaye, jua limeshatoka na watu wamevaa kaptula. Ndiyo maana asubuhi hatutazami anga, tunatazama kipimo cha USGS, idara ya serikali ya Marekani inayopima mito. Kwa kawaida kinapima kila robo saa hivi, nawe unaweza kuziona namba zake bure kwenye simu yako. Kuna kimo cha maji kwa futi, halafu kuna wingi wa maji yanayopita, kwa futi za ujazo kwa sekunde. Futi moja ya ujazo ni kama kilo 28. Mto ukisoma 300, ambao kwetu ni mto wa kutembeza watoto, hapo zinapita tani nane na nusu kila sekunde. Ukisoma 1,200, piga hesabu mwenyewe.

Kuliko namba, mimi naangalia zaidi inaelekea wapi. Mto unaoshuka tunaweza kuelewana. Unaopanda unakuja na magogo, na Jumamosi ulikuwa unapanda, rangi ya chai ya maziwa, mchanga wa kushukia umemezwa wote.

Najua jibu linalofuata, kwa sababu nami ni mtu wa Kigoma: "Sisi tumekulia ziwani, maji utatufundisha nini?" Wa Uvira nao wananiambia hivyo hivyo. Lakini Tanganyika ukichoka unajilaza chali ukapumzika. Mto hausubiri mtu apumzike. Mti ukiangukia mtoni, maji yanapenya kwenye matawi kama kwenye chekeche, mtu anabaki amebanwa, na maji nyuma yake yanaendelea kusukuma. Kuna kijana mmoja, muogeleaji kwelikweli, aliyepinduka kwenye kijito cha kina cha kiuno akataka kusimama. Mguu ukaingia kati ya mawe mawili, maji yakamlaza kifudifudi. Mwenzake alikuwa hatua nne tu nyuma yake, akamnyanyua kichwa mpaka tukafika. Tangu siku hiyo kabla ya kuondoka lazima nirudie: ukianguka usisimame, lala chali, miguu mbele, elekea ukingoni.

Tena kwenye mito mingi ya Iowa kuna zile kuta fupi za zege zilizokatiza mto. Ukiwa juu yake huuoni ukuta, unaona mstari mnyoofu tu na maji yametulia kama ya beseni. Chini yake maji yanajiviringisha kurudi ukutani, na kilichoingia hapo kinazungushwa, hata gogo. Mtu anayejua njia anashuka mapema, anabeba mtumbwi kwa nchi kavu.

Sasa bei. "Dola 50 kwa mtumbwi wa saa nne, na wakati boti ya kupuliza dukani ni dola 80, yangu kabisa!" Sawa, inunue. Mwaka juzi vijana wanne waliinunua. Ili wasilipie gari letu, wakaja na magari mawili: moja wakaliacha chini, mwisho wa safari, wakapanda na la pili mpaka Bluffton, juu ya mto, pa kuanzia safari. Boti ikatobolewa na tawi kabla ya nusu ya njia. Wakatembea kwenye mashamba ya mahindi mpaka kwenye gari la chini, na hapo ndipo mmoja akakumbuka kwamba ufunguo wake ameuacha kwenye gari la juu. Walitupigia saa tatu usiku, wanatetemeka. Kuwafuata usiku tukawatoza dola 120, na hilo nalo likalalamikiwa.

Kwetu gari lako linabaki mnakoishia, ufunguo mfukoni mwako, sisi tunawapandisha juu na basi letu. Ndani ya hizo dola 50 kuna bima, kafi la akiba, na asubuhi ya Ijumaa ambayo mimi na mke wangu tumepita njia nzima kutazama miti mipya iliyoanguka.

Kuna jaketi la kuokolea maisha pia. Sheria ya Iowa inamtaka mtoto chini ya miaka 13 alivae chombo kikiwa kinatembea. Sisi hata babu anavaa. Tukishalifunga tunalishika mabegani tunalivuta juu. Likifika masikioni, ni kubwa, tunabadilisha. Mama mmoja alikasirika tulipombadilishia mwanawe mara tatu, kila mara linapanda hadi puani. La nne likakaa. Ilichukua dakika kumi, watu kumi na wawili wanasubiri kwenye basi, na kesho nitafanya vilevile.

Tukifunga mto, pesa yote inarudi au unachagua siku nyingine. Uamuzi tunautoa Ijumaa saa kumi na mbili jioni na kuuhakikisha asubuhi, kwa hiyo usianze safari kabla ya kuzungumza nasi.

Na baba wa Jumamosi: tuliwaelekeza Dunning's Spring mkale pilau kwenye maporomoko, mkaenda. Nafasi yenu ya wiki ijayo ipo. Ijumaa tutapiga tena, tafadhali pokea.