Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Arusha: maji ya rangi yasipimwe kwa macho

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: UNGA MWEUPE WA KUSAFISHIA MAJI YA RANGI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtia rangi wa batiki, Ngarenaro. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linazungumzwa vikundini sasa hivi, na likifika mezani kwako litakuwa limeshavaa suti na tai. Kuna mfanyabiashara anapita kwa akina mama watia rangi akiuza unga. Anachota kijiko, anatia kwenye chupa ya maji ya bluu, anatikisa, anaianika juani. Tukimaliza chai, maji ni meupe pe na watu wanapiga makofi. Mpango wake, kwa kauli yake mwenyewe, ni halmashauri inunue unga huo kwa magunia, umwagwe kwenye mitaro inayoingia Mto Themi.

Sikuandikii kuupinga unga. Naomba tu usinunue kwa kuonyeshwa chupa.

Unga wenyewe si uganga. Unga wa aina hii kwa kawaida ni titani dioksidi, na mwaka 1972 Wajapani wawili, Fujishima na Honda, walitangaza kwamba ikipigwa na mwanga inaweza kuyapasua maji. Ni ule ule weupe unaotiwa kwenye rangi za nyumba na dawa za meno. Mwanga wa urujuanimno (ule wa jua usioonekana kwa macho), wenye urefu wa wimbi usiozidi nanomita 390 hivi, huitoa elektroni mahali pake na kuacha tundu. Elektroni na tundu hilo, zikikutana na oksijeni na maji, huzaa radikali za haidroksili, vipande vya maji vyenye njaa ya kushikana na vingine, na hizo hushambulia karibu kila kitu chenye kaboni. Rangi ikikaa humo muda wa kutosha huishia kuwa kaboni dioksidi, maji na chumvi chumvi. Unga hauliwi; ni kichocheo, unabaki. Na jua tunalo: tuko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, mita kama 1,400 juu ya bahari. Ila urujuanimno ni kama sehemu tano tu kwa mia ya mwanga wa jua unaotufikia, na Juni na Julai hapa kwetu unajua mwenyewe mawingu yanavyokaa.

Maneno muhimu hapo ni “muda wa kutosha”, na chupa haiyaonyeshi.

Sisi watia rangi tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganyika. Rangi za vat hazikubali kuyeyuka kwenye maji matupu. Tunazikoroga na kostiki (magadi makali ya kiwandani) na haidro (unga unaoiondolea rangi oksijeni) ndipo zinayeyuka, na nyingi zikiyeyuka zinageuka sura kabisa. Nili ndani ya beseni ni njano iliyoingia ukijani. Nyanyua kitambaa, hewa ikipige, bluu inarudi mbele ya macho yako. Haikuwa imekwenda popote. Hata bluu ya methilini, ambayo maabara nyingi huitumia kujaribia vichocheo vya aina hii, inaweza kupauka bila kuvunjika, kisha ikirudishiwa hewa inarudi bluu. Rangi za azo, ambazo ndizo kundi kubwa kuliko yote katika rangi za viwandani, zina lao: hukatika upesi pale zinapounganishwa na naitrojeni mbili, weupe unakuja mapema, lakini vipande vinavyobaki majini vinaweza kuwa na sumu kuliko rangi yenyewe. Anayemwagilia mchicha kando ya Themi hatajua, maana kwake maji yameshakuwa safi.

Sasa huo mtaro. Maji yake yana udongo, sabuni na mafuta ya gereji, na mwanga haupenyi humo hata kwa kina cha shubiri. Unga ukimwagwa kwenye maji yanayokimbia, nao unakimbia: Themi, Kikuletwa, hadi bwawa la Nyumba ya Mungu kwa wavuvi wa perege. Isitoshe, maji ya huku chini ya Meru yana bikaboneti nyingi, na bikaboneti huzinyakua radikali kabla hazijaifikia rangi. Nimemsikia pia akisema unga utaondoa floraidi, ile inayoyafanya meno kuwa ya kahawia. Hautaiondoa. Unga huu unavunja vitu vyenye kaboni, na kwenye floraidi hakuna cha kuvunja.

Kuna na suala la unga gani hasa. Akikuletea oksidi ya zinki, nayo huamshwa na mwanga, lakini maji yetu yana kostiki kali na kostiki huiyeyusha. Akikuletea titani ya kuchanganyia rangi za nyumba, chembe zake kwa kawaida zimevalishwa alumina au silika makusudi, ili zisiile rangi ya ukuta. Ni unga mweupe vile vile, ila umefungwa mdomo.

Penye kazi ni kwetu, kabla maji hayajafika mtaroni. Maji ya vat yakiachwa wazi na kukorogwa hadi haidro iishe nguvu, sehemu kubwa ya rangi inarudi kuwa chembe zisizoyeyuka na kutuama chini. Unachuja kwa kitambaa kizito, unapunguza ukali wa kostiki kwa asidi, ndipo yale yanayobaki, mepesi na yanayopitisha mwanga, yanatelezeshwa juani juu ya vigae vilivyogandishwa unga, kwa kina cha vidole viwili au pungufu, yakizungushwa na pampu ndogo tena na tena. Unga uliogandishwa hufanya kazi polepole kuliko uliotiwa majini, nakubali, lakini hauna haja ya kusakwa baadaye. Hayo si ya kubuni jana: kule Almería, Hispania, wana kituo cha nishati ya jua ambacho kimekuwa kikisafisha maji kwa vichocheo na jua tangu miaka ya 1990.

Ninachoomba kinaanza na fedha. Katika asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, nne ni za wanawake. Kikundi kikiomba mkopo wa vigae, pampu na matangi ya kutuamishia, maafisa maendeleo wasituambie kwamba hiyo si biashara. Eneo la majaribio linaweza kuwa hata pale SIDO, shirika la viwanda vidogo. Upimaji wapewe Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, nao wapime kabla na baada: mahitaji ya oksijeni (kiasi ambacho uchafu wa majini ungekula), kaboni yote iliyobaki, na mizizi ya kitunguu ioteshwe kwenye maji hayo ionekane kama inakua. Kitunguu ni kipimo kinachotumika kweli, na hata mwenyekiti wa mtaa anaweza kukisoma. Jaribio lifanyike pia Julai, siyo Januari peke yake.

Maji yapimwe yetu, ya kostiki, haidro na nta iliyochemshwa. Ya chupa ya maonyesho tumeshayaona.

Kuhusu tope la rangi litakalobaki kwenye vitambaa vya kuchujia, tutalikausha na kulitia kwenye mifuko. Halifai kuchanganywa na taka za majumbani kwenye dampo la Muriet, maana mvua moja italirudisha mtoni. Tupangiwe mahali na siku ya kulipeleka. Usafiri tutajilipia wenyewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtia rangi, Ngarenaro

Nakala: Bodi ya Maji Bonde la Pangani, Moshi